Boksi la spana la chuma: lifufue, liache lilivyo, au lipeleke kwenye chuma chakavu?

Kabla hujanunua rangi, lipindue. Mtu akipata sanduku la zana la zamani hutazama kifuniko kwanza: rangi imebanduka, kutu imetambaa pembeni, kishikio kinalegea. Anakata shauri hapo hapo, ama "bovu hili" ama "kesho nalipaka". Lakini kifuniko hakijui lolote. Anayejua ni kitako, maana ndicho kilichokaa miaka kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu, na ndani yake ndimo yalimotuama maji ya mvua, jasho la mikono na mafuta machafu ya spana.

Mimi niko Tanga, na hapa upepo wa bahari hauna huruma na chuma. Masanduku niliyoyashughulikia ni ya ndugu na majirani, mengine nimeokoa kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla hayajapigwa nyundo. La kwanza kabisa nililiharibu, nitaeleza chini.

1. Likague, na ukague gizani

Toa kila kitu ndani, hata matambara na bitana iliyogandia chini. Usikimbilie kutupa uchafu. Chini ya kitambaa kilichogandia nimewahi kukuta senti 5 ya mwaka 1966, ile ya shaba yenye pembe kumi na mbili na samaki mgongoni, pamoja na ufunguo mdogo wa komeo ambao mwenyewe alishaukatia tamaa.

Kisha chukua bisibisi ya bapa, sukuma ncha yake kwenye kila doa jeusi la kitako na kila kona. Chuma kizima kitakurudisha mkono. Chuma kilichokwisha kitalia kama biskuti na ncha itazama. Usione haya kutoboa, maana tundu lilikuwepo tayari, wewe umelifunua tu.

Usiku ukiingia, zima taa, washa tochi ya simu, iweke ndani na ufunge kifuniko. Zunguka sanduku. Nyota tano sita zilizotawanyika si tatizo. Ukiona Kilimia kizima, lile kundi la nyota, kimejikusanya mahali pamoja, sehemu hiyo ya bati imeshakwisha na itabidi ikatwe.

Pitisha sumaku kwenye kuta. Ikikataa kushika mahali fulani huku pengine inashika, chini ya rangi kuna putii, yaani kuna fundi alishapita kabla yako akaficha jambo. Mwisho fungua na ufunge kifuniko mara kadhaa. Kikikaa upande, angalia kama ni bawaba zimelika au sanduku lenyewe limepinda. Bawaba hubadilishwa kwa nusu saa. Sanduku lililopinda kwa kuangushwa toka kwenye gari ni kazi ya siku nzima, na pengine halinyooki.

2. Amua, ukiwa umekaa chini

Jiulize kwanza litafanya kazi gani. La kubeba kwenda saiti kila siku linahitaji kitako imara, kishikio kisichotoka na kifuniko kinachofunga, basi. La kukaa karakanani linaweza kuvumilia kishikio kibovu. La kumbukumbu ya mzee halihitaji hata rangi.

Halafu fanya hesabu. Msasa, redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), rangi, thina, riveti, pengine na kipande cha bati: jumlisha bei za dukani kwako, ulinganishe na bei ya sanduku jipya la hali hiyo hiyo. Nasema la hali hiyo hiyo kwa sababu mengi mapya ni bati jembamba. Libonyeze kifuniko kwa kidole gumba: jembamba litaingia na kutoka, tok, tok, na la zamani lililokunjwa kwa bati nene halisogei. Likisogea na kitako nacho kimekwisha, mpe mnunuzi wa chuma chakavu bila kinyongo. Vua tu bawaba, komeo na kishikio, uviweke kwenye kopo. Vitakufaa.

Lenye kitako kibovu lakini kuta nene, zenye kona zilizo sawa, hilo usilitupe. Kitako kipya ni kazi ya kawaida kwa fundi bati. Pale Gerezani Dar es Salaam, au Kamukunji Nairobi wanakotengeneza yale masanduku ya wanafunzi wa bweni, watu wanakunja bati siku nzima kwa nyundo na kipande cha reli. Kwao kitako cha sanduku lako si kazi ya kuwaumiza kichwa.

Sasa maandishi. Tafuta herufi zilizogongwa au kupakwa: kwenye kifuniko, chini ya kishikio, kwa nyuma. Ukikuta EAR&H, hilo ni la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, shirika lililokuwepo kuanzia 1948 hadi 1969, mwaka ambao reli na bandari zilitenganishwa. Sanduku la namna hiyo nakushauri usilipake rangi mpya kabisa. Lisafishe, zuia kutu, ishia hapo. Vivyo hivyo kabati za droo za mafundi mitambo zinazokuja na makontena ya mtumba, kama zile za Kennedy, kampuni ya Ohio, Marekani, zenye rangi ya kahawia iliyojikunja makusudi na kitambaa laini ndani ya droo. Ile mikunjo ukiipiga msasa huirudishi kwa brashi.

Nilisema la kwanza nililiharibu. Lilikuwa la baba mdogo, aliyefanya kazi karakana ya reli. Nilitaka kumshangaza, nikashika grinda yenye brashi ya waya, nikalimenya lote mpaka liking'aa kama sufuria mpya, nikalipaka bluu. Alipokuja alilizunguka kimya, akapitisha kidole kwenye kifuniko, karibu na komeo.

"Hapa palikuwa na jina langu, mwanangu."

Alikuwa amelichora mwenyewe kwa ncha ya msumari, nukta moja moja, na kutu ilikuwa imezijaza zisionekane. Tangu hapo, kabla ya kugusa chochote napiga picha kila upande, na mahali penye alama yoyote napasugua kwa kitambaa na mafuta tu.

3. Lioshe kabla ya kulihukumu

Mafuta ya taa kidogo kwenye tambara, sugua grisi ya zamani itoke. Fuata na maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga na brashi ya kufulia. Suuza kwa maji mengi baridi, hasa kama sanduku limeishi pwani. Chumvi haionekani kwa macho, lakini ikibaki chini ya rangi mpya itavuta unyevu na rangi itaota malengelenge miezi michache baadaye. Lianike juani likauke kabisa, kifuniko wazi.

Mara nyingi nusu ya ulichodhani ni kutu inaondoka na maji. Kinachobaki ni rangi ya zamani iliyochoka kidogo, yenye mikwaruzo ya heshima. Hapo unaweza kusimama. Yeyusha nta ya nyuki kwa mvuke wa maji ya moto, iondoe mbali na moto, ndipo uichanganye na taperntaini mpaka iwe laini kama mafuta ya kujipaka. Paka kiasi kidogo kwenye bati lililopata joto la jua, subiri, futa. Sanduku litakuwa na weusi mzuri wa kizee na kutu haitasogea mbele kwa haraka. Kwa masanduku mengi, mimi naona hii ndiyo kazi iliyotosha.

4. Ukiamua kuendelea, jihadhari na rangi ya zamani

Rangi za zamani, hasa nyekundu, njano na ya machungwa, huenda zina madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi za risasi za majumbani mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisizidi sehemu 90 kwa milioni. Sanduku lako pengine limepakwa kabla ya yote hayo. Vumbi lake ndilo baya, na kwa watoto ni baya zaidi.

Kwa hiyo: usiipige grinda ikiwa kavu, na usiichome kwa moto. Tumia msasa wa maji, ukichovya kila mara. Tandaza nailoni chini, kusanya tope lote, lifunge lisimwagwe uani wanakocheza watoto wala kuku. Vaa barakoa ya vumbi na glavu, na nguo za kazi usizifue pamoja na za nyumbani.

5. Lifungue kiasi cha lazima

Bawaba zenye pini hufunguka kwa subira: dondoshea mafuta ya kupenya kutu, au dizeli kama huna, acha usiku, gonga kwa msumari uliokatwa ncha. Ikigoma rudia kesho. Ukiilazimisha utapinda bawaba, na bawaba za zamani hazina saizi moja na za dukani.

Riveti ziache kama zinashika. Zinazocheza toboa kichwa kwa drili, sukuma mwili utoke. Zikumbuke kwa ukubwa. Wengi hurudishia riveti za alumini kwa sababu ndizo zinazopatikana kila duka. Ndani ya bara zitakaa, lakini kwetu pwani alumini ikigusana na chuma penye chumvi, alumini inaliwa na riveti inaanza kucheza tena. Tafuta za chuma. Za shaba ndizo mbaya zaidi, maana hapo anayeliwa ni sanduku lenyewe.

Mbonyeo nyoosha kwa namna ya mafundi bodi: shika kipande cha chuma kizito nje, gonga kwa ndani kwa nyundo ya mpira, mapigo madogo mengi kuanzia ukingoni mwa mbonyeo kuelekea katikati. Pigo moja kubwa linavuta bati, na bati lililovutika halirudi.

6. Kutu

Kutu ya juu juu hutoka kwa brashi ya waya ya mkono na msasa namba 120, kisha 240. Hilo halina maneno.

Vipande vidogo, yaani bawaba, pini, vishikio, loweka kwenye siki nyeupe usiku kucha. Asubuhi visugue, kisha vitie kwenye maji yenye magadi ya kuumulia keki ili asidi iishe nguvu, suuza, kausha kwa moto wa mkaa wa mbali au jua kali. Komeo lililopakwa zinki usilitie humo, siki itaimenya zinki kabla haijamaliza kutu. Springi nazo usiziloweke, zitakuja kukatika. Kwa ukuta wa sanduku, lowesha karatasi za chooni na siki, zibandike penye kutu, funika na nailoni zisikauke. Bibi zetu walisugua masinia ya shaba kwa ndimu na ukwaju. Ni asidi vilevile, na ukikosa siki ndimu inafanya kazi, ila utahitaji nyingi.

Kuna mafundi watakaokuambia umwagie asidi ya betri. Itafanya kazi haraka, na itaendelea kuifanya ndani ya mikunjo na viungo usivyoweza kusuuza, mpaka sanduku lifumuke. Acha.

Kwa kutu nene ya kuvimba, umeme ndiyo njia ninayoipenda. Unahitaji beseni kubwa la plastiki au pipa la bluu lililokatwa, chaja ya betri ya volti 12 ya zamani (za kisasa zenye akili mara nyingi hazitoi umeme zisipoona betri), magadi soda ya kufulia, na kipande cha chuma cha kutoa kafara. Changanya kijiko kimoja cha mezani cha magadi soda kwa kila lita 4 za maji. Waya hasi funga kwenye sanduku, mahali palipokwanguliwa paking'aa. Waya chanya funga kwenye kipande cha kafara. Visigusane kamwe. Ukikosea waya, sanduku lako ndilo litakaloliwa, kwa hiyo angalia mara mbili kabla ya kuwasha.

Utaona mapovu madogo yakipanda kwenye sanduku kama soda iliyofunguliwa. Hiyo ni haidrojeni, inawaka, kwa hiyo fanya kazi nje, bila sigara wala jiko karibu. Zima chaja kabla ya kutia mkono. Kafara iwe chuma cha kawaida, nondo au bati jeusi. Chuma cha pua usitumie, kinatoa kromiamu yenye sumu kwenye maji. Usiongeze chumvi ili kuharakisha, itatoa gesi ya klorini. Ndiyo maana magadi yale ya mawe ya kulainishia maharage siyapendi kwa kazi hii, japo yanafanya: huja na chumvi yake.

Umeme husafisha upande unaotazamana na kafara, hivyo geuza kila baada ya saa mbili tatu. Na kama kitako hakivuji, kuna ujanja: jaza maji hayo ndani ya sanduku lenyewe, ning'iniza kafara katikati kwa kijiti cha mbao, isiguse popote. Asubuhi ndani patakuwa na utando mweusi unaofutika kwa kidole. Futa, suuza, kausha upesi. Chuma kilichovuliwa kutu kiko uchi. Kwenye hewa yetu ya bahari nimeona wekundu unarudi kabla sijamaliza chai. Primer, yaani ile redoksaidi, ipakwe siku hiyo hiyo.

7. Matundu

Tundu la msumari lijaze na putii ya chuma kwa ndani. Eneo zima lililooza kata mpaka ufikie chuma kizima, kisha weka kiraka. Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa sababu wanampelekea fundi wa kuchomelea mageti. Fimbo yake ya umeme itageuza tundu moja kuwa matatu, bati la geji 20 ni kama milimita 0.9 tu. Mwombe fundi wa gesi achomelee kwa shaba, au piga riveti. Kiraka cha riveti kipake primer pande zote mbili, na sehemu kitakapokaa pia, ndipo ukibandike primer ikiwa mbichi. Maji yakipata nafasi kati ya bati mbili umejenga kiwanda cha kutu. Bati lenye zinki likichomwa hutoa moshi unaoleta homa na kutetemeka; fundi asimame upande upepo unakotoka.

8. Rangi

Chagua siku kavu. Kwetu, kipindi cha kaskazi, Januari na Februari, ni kizuri kuliko masika. Futa vumbi kwa tambara lenye thina, usiguse tena kwa mikono mitupu. Redoksaidi nyembamba mara mbili, ukikazia mikunjo na kona. Msasa 400 wa maji kwa upole, kisha rangi ya mafuta, tabaka mbili tatu nyembamba, kila moja ikilala usiku.

Usichanganye jamii za rangi. Ile ya magari inayokauka haraka ukiipaka juu ya rangi ya mafuta, itakunja ngozi kama maziwa yaliyochemka, na hapo hakuna dawa ila kumenya upya. Rangi gani? Kijani kilichokoza na kijivu huficha uchafu. Bluu mimi nimeiacha, unajua sababu. Ndani sipaki kabisa rangi ya mwisho, spana zitaikwangua wiki ya kwanza. Redoksaidi na nta vinatosha.

9. Kulirudishia kazini

Bitana ya kitambaa ni nzuri machoni na mbaya kitakoni, inashika maji. Kata kipande cha mpira wa mkanda wa mashine au zulia la gari, kilale bila gundi, ukitoe kila mwezi ukague chini yake. Chini ya sanduku pigilia miguu minne, hata vizibo vya mpira, lisilale moja kwa moja kwenye saruji. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya tupia ndani viwili vitatu.

Na usilifunge mapema. Rangi ya mafuta hukauka juu kwa siku moja lakini chini bado laini, na kifuniko kikibanwa kitagandia, ukikivuta kitatoka na ngozi ya ukingo. Kiache wazi kidogo kwa wiki nzima. Mimi huweka kitu kimoja chembamba kwenye kila kona ya mbele: upande wa kushoto kifuniko cha soda kilichopigwa bapa, na kulia ile senti 5 ya samaki.